Akiba ya mahindi Kericho na Bomet yahitaji jua kwanza

BONASI ya majani chai hulipwa mara moja kwa mwaka, lakini unga huliwa kila siku. Ndiposa mkulima wa Kericho au Bomet, ambaye shamba lake limejaa michai, hununua magunia ya mahindi akayahifadhi nyumbani. Ni busara, hasa kwa wanaokumbuka 2011, ugonjwa hatari wa mahindi wa MLN ulipogunduliwa Bomet kwa mara ya kwanza nchini.

Hata hivyo, hewa inayostawisha chai ndiyo adui wa nafaka. Mvua za alasiri haziishi, ilhali mahindi ya kuhifadhiwa hayafai kuzidi unyevu wa asilimia 13.5. Yakizidi, kuvu huota na huweza kutoa aflatoksini, sumu isiyoondolewa na upishi, ambayo mnamo 2004 iliua watu 125 nchini, wengi wao Makueni na Kitui.

Mifuko isiyopitisha hewa imesifiwa, na inastahili: dumuzi na fukusi hufia humo bila dawa. Lakini mfuko haukaushi kitu. Kabla ya kuufunga, tia punje na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, utikise, kisha usubiri robo saa. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi hayajakauka. (Mchuuzi hatakipenda kipimo hiki.)

Kaunti zingeanza na mitambo ya kukausha nafaka vijijini, maghala yafuate. Viwanda vya chai hukausha majani hata mvua ikinyesha; mahindi ya jirani yangali yanaanikwa kwenye turubai, yakikusanywa mbio kila wingu linapotanda.