Kimya cha Binti

Mama yetu aliteremka kutoka Kinole wiki chache zilizopita akiwa na mkungu wa ndizi, vifurushi vya mdalasini na mfuko wa pilipili manga, kama ilivyo ada yake kila ajapo mjini kumtembelea dada yangu pale Mji Mpya. Jioni ile alimkuta mjukuu wake barazani ameinamia kitabu, anakipekua kutoka kulia kwenda kushoto. Bibi akafurahi. "Alhamdulillah," akasema, "mjukuu wangu hajakiacha chuo." Binti akacheka kwa haya: "Bibi, hiki si chuo. Hii ni manga." Bibi akauliza kimetoka wapi. Akajibiwa kwamba mama mdogo anayefanya kazi Muscat ndiye aliyekuja nacho alipokuwa likizo. "Basi," akasema bibi, "kikitoka Manga ni chuo tu."

Wasomaji wa umri wa mama yangu hawahitaji maelezo. Manga, katika Kiswahili cha wazee, ni Uarabuni, na hasa Oman. Ndiko walikotoka Wamanga, na ndiko pilipili yetu ya Uluguru ilikopata jina ingawa inamea mlimani kwetu. Manga ya binti ni neno la Kijapani, nalo ni jina la hadithi zinazosimuliwa kwa picha za kuchora. Vitabu vya Kijapani hufunguliwa upande wa kulia kama msahafu, na hilo ndilo lililompoteza bibi. Zilipoonekana picha, furaha ikakatika. Shemeji yangu, baba wa binti, aliporejea kutoka Maghribi na kuelezwa kwamba ni hadithi ya mapenzi, alikitwaa kitabu kile mkononi mwa mwanawe. Mapenzi ndani ya nyumba yangu, akasema, na wiki hii hii ambayo posa imeletwa?

Kitabu nikakabidhiwa mimi nitoe hukumu. Nilikabidhiwa kwa sababu mbili. Ya kwanza, mimi ni katibu wa kamati ya msikiti na nimepita chuo cha dini, na watu hudhani katibu ana fatwa ya kila kitu, hata ya bei ya saruji. Ya pili ni nzito zaidi: mimi ni mjomba. Kwetu Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na jambo la binti wa dada haliishi bila neno la mjomba.

Naandika haya kwa idhini ya binti mwenyewe. Nilimsomea kabla sijaleta gazetini, akanifutisha sentensi mbili.

Nakiri kwamba nilikwenda nacho nyumbani hukumu nikiwa nayo tayari. Sisi tuliokulia miaka ya tisini tunayajua magazeti ya picha. Tulisoma Sani, tulisoma Kingo la James Gayo, na kabla yetu wazazi wetu walikuwa na Film Tanzania la Faraji Katalambulla, lenye hadithi za mapenzi na ujambazi zilizopigwa picha kama sinema. Nyingine zilichekesha na kuonya, nyingine zilifichwa chini ya godoro kwa sababu nzuri. Nilitarajia ya chini ya godoro.

Nilikisoma baada ya Isha, kamusi pembeni, kwa kuwa ni tafsiri ya Kiingereza. Ni juzuu moja ya mfululizo uitwao Otoyomegatari, yaani hadithi za bibi harusi, ulioandikwa na kuchorwa na mwanamke wa Kijapani, Kaoru Mori. Alianza kuuchapisha mwaka 2008, na mwaka 2014 ukapata tuzo kubwa ya manga huko Japani. Hadithi haipo Japani. Ipo Asia ya Kati ya karne ya kumi na tisa, nchi za nyika, farasi na mazulia. Binti aitwaye Amir, mwenye miaka ishirini, ameozwa kijana Karluk wa miaka kumi na miwili tu; wazee wamepatana, wahusika wamekutana harusini. Utadhani mwandishi atamtorosha bibi harusi na kijana mwingine mwenye ngamia wa haraka, kama zifanyavyo tamthilia za jioni. Hafanyi hivyo. Anatuonyesha Amir akitoka na upinde kuwinda sungura ili kitoweo kipatikane. Karluk akishikwa na homa, mkewe hapati usingizi. Mapenzi yao hayaingii mlangoni yakipiga tarumbeta. Yanaota polepole kati ya unga, ngozi, kondoo na shemeji wengi, mpaka msomaji anashituka kuona yamekwisha kuwa mti. Aliyesoma Suratu Rum anajua kwamba Allah ametaja mapenzi na huruma pamoja. Nilijiuliza ni tamthilia ngapi zinazoonyeshwa sebuleni kwetu, tena mbele ya watoto, zenye hiyo ya pili.

Lakini aliyenikamata si Amir. Ni Pariya, rafiki yake. Pariya ni binti hodari wa kuoka mikate, ulimi wake mkali kuliko moyo wake, na kwa sababu hiyo posa zake zimekuwa zikivunjika. Mji wao ukavamiwa, na nguo za harusi alizokuwa akizitarizi zikateketea kwa moto. Katika mila yao hakuna harusi bila nguo hizo, basi inambidi aanze upya, mshono kwa mshono, naye hapendi kushona. Na wakati huo huo yupo kijana, Umar, ambaye wazazi wa pande mbili wanazungumza habari zake. Pariya anamtaka. Akikutana naye maneno yanamkauka. Uso unakunjamana, na mwenye kumtazama atadhani amechukia.

Hapo Kaoru Mori hufanya jambo ambalo sikuwa nimelitarajia katika kitabu cha picha. Anaacha kuandika. Kurasa zinapita bila neno hata moja: mkono juu ya kitambaa, jicho linalotazama chini, mlango, mkate, jicho tena. Kimya kile kinachorwa kwa subira, na msomaji analazimika kukisoma kama asomavyo maandishi. Kuna kimya cha haya, kuna cha hofu, kuna cha mtu anayetafuta maneno. Hakifanani. Nilikifunga kitabu saa sita usiku, na nilichokuwa nikikifikiri si Japani wala Asia ya Kati. Ni daftari letu la ndoa.

Nalishika daftari hilo kwa mwaka wa tisa sasa. Siku ya nikahi bwana harusi yuko msikitini na mashahidi, bibi harusi yuko nyumbani, chumba cha ndani, kazungukwa na shangazi zake. Hutumwa watu wawili kwenda kumuuliza. Hurejea wakisema, "Amenyamaza," na jamaa wote husema alhamdulillah, na mimi huandika: ameridhia. Tunayo hoja, tena hoja sahihi. Bi. Aisha (r.a.) alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu bikira anayeona haya kusema, akajibiwa kwamba kunyamaza kwake ndiko idhini yake. Hadithi hiyo ni sahihi na hakuna anayeipinga. Ila ilikuja kumsitiri mwenye haya, haikuja kumfunga mdomo mwenye neno. Wanavyuoni wa madhehebu ya Imam Abu Hanifa walikaa wakakipambanua kimya hicho: anayecheka kwa dhihaka hajaridhia, anayelia kwa sauti hajaridhia. Yaani mwenye kuuliza anatakiwa atazame uso. Na sisi Mashafii, ambao kwetu baba amepewa mamlaka makubwa juu ya binti yake bikira, tumefundishwa vile vile kwamba ni sunna kumtaka idhini. Khansa bint Khidam (r.a.), mwanamke aliyekwisha kuolewa kabla, alipoozwa na baba yake bila ridhaa, Mtume (s.a.w.) aliibatilisha ndoa ile. Bikira naye alikuja kushitaki kwamba baba yake amemwoza na hali yeye hataki, akapewa hiari.

Na katika usuluhishi nimekaa mbele ya wanawake wawili, ndoa zao zote hazikutimiza mwaka, kila mmoja akaniambia maneno yanayokaribiana: niliulizwa nikanyamaza kwa kuwa sikujua naruhusiwa kusema nini. Ndoa zote mbili nilikuwa nimeziandika mimi, kwa mkono wangu, kwa wino wa bluu.

Nilirudi Mji Mpya baada ya Alasiri ya Ijumaa. Shemeji alikuwa akingoja hukumu. Nilimwambia kwanza kwamba mapenzi si habari ngeni katika vitabu vyetu. Bukhari amepokea kisa cha Mughith, mtumwa, aliyekuwa akimfuata Barira katika njia za Madina baada ya Barira kuachwa huru na kuamua kuachana naye. Analia, machozi yakimtiririka ndevuni. Mtume (s.a.w.) alimwambia ami yake Abbas (r.a.) kama haoni ajabu ya jinsi Mughith anavyompenda Barira na Barira anavyomchukia. Akamwombea kwake arudi. Barira akauliza kama ni amri. Akajibiwa kuwa ni kumwombea tu. Akasema hana haja naye, na ikaishia hapo. Hakuna aliyemlazimisha wala aliyemcheka mwanamume kwa machozi yake. Shemeji alikijua kisa hicho toka madrasa. Alisema hakuwahi kukifikiria kuwa ni kisa cha mapenzi.

Sikumficha upande wa pili. Manga ni soko kubwa, na kila soko lina mtaro wake. Zipo zilizochorwa kwa ajili ya ufuska, na binti mwenye simu anazifikia kwa urahisi ule ule. Hata katika mfululizo huu wa Kaoru Mori zipo kurasa za hamamu zisizo na stara. Mzazi asome kwanza. Suala la kuchora viumbe lina mlango wake katika fiqhi na leo siuingii. Lakini binti alipoambiwa aeleze anasoma nini kingine, alitaja bila kusita Maison Ikkoku ya Rumiko Takahashi, iliyochapishwa kati ya mwaka 1980 na 1987. Ni habari ya mjane kijana anayesimamia nyumba ya kupanga, na mwanafunzi maskini anayempenda kwa miaka, kwa kukosea na kuona haya. Mwisho kijana anasimama kaburini kwa marehemu mume na kukubali kwamba atamwoa mjane pamoja na kumbukumbu zake. Wangapi miongoni mwetu huoa mjane na siku ya pili wakamkataza hata kulitaja jina la marehemu?

Kisha nikaketi na binti na mama yake, baba yuko barazani anasikia. Sikumuuliza habari za posa. Nilimuuliza kwa nini Pariya hakumjibu Umar vizuri.

"Mjomba, yule hakukataa," akasema. "Alikuwa anatafuta maneno."

"Na wewe?"

Akanyamaza. Zamani ningesimama hapo. Nilingoja, dada yangu naye akangoja, na chai ikapoa. Ndipo akasema kwamba kijana wa Msamvu hamchukii, anaswali, ana duka lake la vipuri na watu wanamsifu. Lakini ana maswali matatu na hakujua ampe nani. Ameomba nafasi chuo cha uuguzi. Je, ataruhusiwa kwenda? Wataishi wapi, kwao au nyumba ya mama mkwe? Na la tatu alilisema kwa sauti ndogo: amesikia saluni kwamba kijana aliwahi kuoa na ana mtoto Mikese.

Baba akaingia kutoka barazani. Hakuwa akilijua hilo la tatu. Wajumbe wa posa hawakulisema kwa kuwa hakuna aliyewauliza, na sisi hatukuuliza kwa kuwa tulishughulika na mahari.

Zamani mwali hakuachwa peke yake na maswali yake. Aliwekwa ndani, na wanawake wazima wakakaa naye wakamfunda. Mwana Kupona wa Pate alimwandikia binti yake utendi mzima wa wasia mwaka 1858, naye akiwa mgonjwa. Mengi ya unyago yalipingana na dini na tukayaacha, sawa. Lakini tulipomwondoa somo tuliondoa na kiti chake, na binti wa leo amekaa na Mjapani. Huyu wa kwetu, kwa bahati, alikaa na Mjapani mkweli.

Hatukuikataa posa. Kijana mwenyewe aliitwa, akaja na mjomba wake, tukakaa sebuleni, baba na mimi tupo, na binti akamuuliza yote matatu kwa kinywa chake. Chuo, akasema, hana kizuizi. Nyumba, amepanga Kihonda. Kuhusu mtoto aliinamisha kichwa kwa muda mrefu. Kisha akasema ni kweli, ni wa kike, ana miaka minne, na alikuwa akitafuta namna ya kulisema. Nilimtazama binti wa dada yangu wakati huo. Naye alikuwa amenyamaza, lakini hakuwa amechukia. Akaomba aruhusiwe kumwona mtoto kabla hajajibu.

Hadi ninapoandika jibu halijatoka. Mtoto ataletwa Jumapili.

Kitabu kimepanda Kinole na bibi. Kiingereza hajui, anatazama picha za nguo na mikate, na juzi alinipigia simu kuuliza kama yule msichana mkali amemaliza kutarizi.