Uradi Unaokufaa

Si kila mja ana wasaa wa kuhudhuria halaqa ya dhikri. Mama wa Ndalu, kati ya Kitale na Bungoma, amalizapo kukamua ng'ombe huingia shamba la mahindi. Je, amenyimwa utulivu wa moyo? Hasha! Bibi Fatma (r.a.) mikono ilimwuma kwa kusaga nafaka, akaenda kwa baba yake kuomba mtumishi. Mtume (s.a.w.) akamfunza lililo bora: apandapo kitandani alete Subhanallah 33, Alhamdulillah 33 na Allahu Akbar 34. Basi dada yangu, usijitwike uradi wa mwenzio ukakushinda kwa wiki moja. Chagua mchache utakaoudumisha, moyo ukiwepo. Mola hupenda amali ya kudumu, japo ndogo. Wallahu aalam.