Jiwe la Jumatatu



Wengi wenu mnajua, na baadhi yenu mmekuwa mkicheka chini chini, kwamba kila Jumatatu, siku ambayo mapadre huachiwa wapumzike kidogo, nyuma ya nyumba yetu hapa Msasani husikika mlio wa nyundo. Maelezo yamekuwa mengi. Mtoto mmoja wa darasa la komunyo ya kwanza amewahakikishia wenzake kwamba Padre anachimba rupia zilizofukiwa na Wajerumani. Ukweli ni mdogo kuliko huo: tunachonga jiwe la graniti kwa mikono, bila mashine, bila malipo, na bila kuombwa na mtu. Tumeifanya kazi hii kwa miaka miwili sasa kwa sababu moja tu, kwamba tunaipenda. Tunaileta katika tafakari ya juma hili kwa kuwa Halmashauri ya Walei inakaribia kuamua juu ya altare ya kigango chetu kipya, na maoni yetu katika jambo hilo yametoka katika jiwe hili.

Mtu atauliza, graniti Tukuyu imetoka wapi? Ni swali la haki. Sisi tunaishi juu ya migongo ya volkano. Mawe meusi yanayotuvunjia majembe mashambani ni lava iliyoganda. Daraja la Mungu juu ya mto Kiwira ni lava. Na mlima Kyejo ulitoa moto wake wa mwisho yapata mwaka 1800, tukio ambalo wazee wa huku walilihifadhi katika masimulizi yao. Jiwe la namna hiyo hutoka ardhini likiwa uji wa moto na kuganda upesi, ndiyo maana chembe zake hazionekani kwa macho. Graniti, au matale kama kamusi zinavyoiita, ina tabia nyingine. Ilipoa chini kabisa ya ardhi, polepole mno, kwa miaka isiyohesabika, na kila kitu ndani yake kikapata nafasi ya kukua: kwatzi inayong'aa kama kioo, feldispa nyeupe au ya waridi, na vipande vyeusi vya ulanga. Aliyefika Mwanza ameiona katika Jiwe la Bismarck lililosimama ziwani. Aliyefika Iringa ameiona Gangilonga. Jiwe letu lilitoka huko Iringa. Dereva mmoja muumini, aliyekuwa amepeleka ndizi na viazi Dar es Salaam, alilipandisha kwenye lori lake tupu wakati wa kurudi, akatushushia mlangoni huku akitikisa kichwa.

Kabla ya kupiga jiwe, hulisikiliza. Fundi mwashi mzee aliyetufundisha alilining'iniza kidogo kwa mtaimbo, akaligonga kwa nyundo ndogo, akatuambia tutege sikio. Jiwe zima hulia kama kengele. Jiwe lenye ufa ndani, hata kama ufa hauonekani, hutoa sauti nzito kama chungu kilichopasuka. Kisha hutafutwa mkondo wake, kwa maana graniti, pamoja na ugumu wake wote, ina upande inaopenda kupasukia, kama ukuni. Hapo huchorwa mstari, na juu ya mstari huo hutobolewa matundu, moja baada ya jingine, kwa umbali wa kiganja. Tindo hushikwa kwa mkono wa kushoto na kugeuzwa kidogo baada ya kila pigo. Ukisahau kuigeuza, hukwama. Tundu moja la kina cha vidole vinne lilituchukua asubuhi nzima mara ya kwanza. Siku hizi twaweza kumaliza mawili kabla ya chakula cha mchana, na tunaomba mtusamehe majivuno hayo.

Matundu yakishatimia, katika kila moja hutiwa vipande viwili vyembamba vya chuma, na katikati yao kabari. Wengi hudhani kwamba sasa ndipo nguvu inapohitajika. Sivyo. Unapiga kabari ya kwanza pigo moja la wastani, kisha ya pili, kisha ya tatu, hadi mwisho wa mstari, halafu unarudi mwanzo. Mlio unapanda kila mzunguko. Kisha unaweka nyundo chini na kungoja. Hii ndiyo sehemu iliyotushinda kwa muda mrefu. Mwanafunzi huongeza pigo kwa pupa, na jiwe humwadhibu kwa kupasuka kando ya mstari. Ukingoja, mara nyingi utasikia sauti ndogo, kama ya mtu anayerarua kitambaa chumba cha pili, na jiwe lililokaa zima tangu kabla ya Adamu linafunguka taratibu, uso wake ukiwa haujapata kuonwa na kiumbe yeyote.

Vyombo vyetu tulivitengenezesha kwa mfua vyuma kutokana na springi kuukuu za gari. Tindo ya graniti huisha makali upesi, hivyo kila Jumatatu jioni hurudishwa motoni, hupigwa upya, huzamishwa majini, kisha hupashwa tena hadi chuma kigeuke rangi ya majani makavu. Ikipita rangi hiyo, inakuwa laini. Isipofika, inavunjika kama kioo.

Kazi yetu ya kwanza ilikuwa bakuli la maji ya baraka la mlango wa kanisa. Baada ya Jumatatu nyingi, likiwa limebaki kulainishwa ukingo tu, tulipiga pigo moja tukiwa na hasira ya jambo jingine, jambo la vikao, na ukingo ukang'oka kipande cha ukubwa wa yai. Graniti haiungwi. Tulikaa chini pale tulipokuwa. Bakuli lenyewe liko mlangoni, na ninyi nyote mmekwisha kuchovya vidole katika upungufu wetu. Kule Unguja, katika kanisa kuu la Waanglikana pale Mkunazini, husimuliwa kwamba mafundi walizisimamisha nguzo kadhaa za marumaru kichwa chini miguu juu wakati Askofu Steere hayupo, naye aliporudi akaziacha vivyo hivyo. Tunapolitazama lile bakuli hupata faraja kidogo kwa kisa hicho.

Lakini si bakuli lililotufanya tuandike. Mwanzoni watu walipopita na kutukuta na vumbi usoni, walituonea haya. Kiongozi mmoja wa jumuiya, mtu tunayemheshimu, alituvuta kando na kusema kwa sauti ya chini: "Baba Paroko, hii ni kazi ya wapiga kokoto. Watu watasemaje?" Hakukusudia ubaya. Alitaka kutuhifadhi. Ila neno lake lilitubakia, kwa sababu wapiga kokoto hawako mbali. Wanakaa kando ya barabara zetu, wengi wao wakina mama, wengine wajane, chini ya mwavuli au turubai, nyundo mkononi na rundo mbele yao, na Jumapili wanapokea Ekaristi katika foleni moja na sisi. Kama kazi yao ni aibu kwa padre siku moja katika juma, basi tumekuwa tukiwaonea aibu siku zote saba.

Mmoja wa wakina mama hao alikuja siku moja kututazama. Alisimama muda mrefu pasipo kusema. Tukamkaribisha, tukamweleza kwa furaha, pengine kwa furaha kupita kiasi, jinsi jiwe linavyotupumzisha akili. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema: "Ndaga, Baba. Wewe unapasua kwa kupenda. Sisi tunapasua kwa njaa. Jiwe ni lile lile." Kisha akachukua tindo yetu, akaipima mkononi, akatuonyesha kwamba tulikuwa tukiishika vibaya.

Tangu siku hiyo hatuwezi kuisifu kazi hii kwa wepesi. Nyundo ile ile, kwetu ni mapumziko na kwake ni ada ya shule. Tofauti haiko katika jiwe, iko katika uhuru wa kuweka nyundo chini. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake wa mwaka 1981 juu ya kazi ya binadamu, alifundisha kwamba hadhi ya kazi hupimwa kwanza kwa yule anayeifanya, kwa kuwa ni mtu, wala si kwa aina ya kazi. Nasi tunapomsoma Marko katika sura ya sita, tunakuta majirani wa Nazareti wakimdharau Bwana kwa ajili ya ufundi wake. Biblia zetu husema seremala. Neno la Kigiriki lililotumika lina upana zaidi, linamgusa fundi na mjenzi, na Nazareti ilikuwa kijiji cha nyumba za mawe. Hatudai kwamba Bwana alichonga mawe. Tunasema tu kwamba dharau ile tunaijua, tumeisikia ikinong'onwa nyuma ya nyumba yetu.

Sasa tuje kwenye altare. Pendekezo lililo mezani ni kununua bamba la graniti lililokwisha kung'arishwa kiwandani, lenye kumetameta, na kuzungushia chini yake marumaru za dukani. Wanaolitetea wana nia njema: wanataka kilicho bora kwa ajili ya Mungu. Sisi tunaona kwamba bei yake ingetosha kuezeka nusu ya paa la kigango, na kwamba siku litakapofika, hakuna hata mmoja wetu atakayejua lilichimbwa wapi wala na nani. Kanuni ya 1236 ya Sheria za Kanisa yasema kwamba, kwa desturi ya Kanisa, meza ya altare isiyohamishika iwe ya jiwe, tena jiwe la asili lililo moja, ingawa Baraza la Maaskofu laweza kuruhusu kitu kingine imara na cha heshima. Tako lake laweza kuwa la kitu chochote kigumu kifaacho. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba ni lazima limetemete.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya: meza iwe ya graniti iliyopasuliwa kwa kabari, na tako liwe la mawe yetu meusi ya Rungwe, ambayo hayapasuki vizuri kuwa mabamba kwa sababu ya nyufa za kupoa kwake, lakini hubeba mzigo bila kulalamika. Bamba la sentimeta 120 kwa 70, lenye unene wa sentimeta 12, litakuwa na uzito wa karibu kilo 270. Vijana kumi wanatosha kulibeba.

Katekista wetu mmoja, msomaji makini, alitukumbusha Kutoka 20:25, ambapo Mungu anawakataza Waisraeli kumjengea madhabahu ya mawe yaliyochongwa, kwani chombo cha chuma kingeyatia unajisi. Tulishukuru kwa pingamizi hilo kuliko kwa pongezi nyingi. Hatutaki kulikimbia kwa kusema kwamba ni sheria ya kale. Tunadhani lina hekima kwa mtu yeyote mwenye tindo mkononi, ambaye hatari yake ni kuipenda alama ya chombo chake mwenyewe. Ndiyo maana tunashauri mbavu za bamba ziachwe kama zilivyopasuka, na usawazishwe uso wa juu tu, kalisi isimame bila kutikisika.

Nani atafanya kazi? Hapa tunaomba tueleweke vizuri, maana neno kujitolea limewachosha maskini wa parokia nyingi. Wale wanaoishi kwa kupasua mawe hawataombwa kuja bure hata siku moja. Mawe ya tako yatanunuliwa kwao, kwa bei watakayoitaja wao, na bila kumbembeleza mtu apunguze kwa ajili ya Kanisa. Yule mama, akikubali, atalipwa kama mwalimu, kwa sababu ndivyo alivyo. Wanaoalikwa kutoa nguvu zao bure ni wengine: walimu, makarani, wenye maduka, madereva, wauguzi walio na siku ya mapumziko, na wale wote ambao hawajawahi kugusa nyundo isipokuwa kwa kutundika kalenda.

Watoto hawatakuja kabisa. Vumbi la graniti lina kwatzi, nalo likivutwa siku nyingi huyafanya mapafu kuwa na makovu, ugonjwa ambao hospitali haina dawa ya kuuondoa. Tutalimwagia jiwe maji muda wote, tutavaa miwani na vizuia vumbi, na vitanunuliwa vya ziada kwa ajili ya wakina mama wa barabarani, pamoja na maturubai mapya. Fedha hiyo itoke katika ile tutakayookoa kwa kutonunua bamba la dukani. Baadhi ya wajumbe wameuliza kama hilo ni jambo la altare. Tunajibu kwamba ni la kwanza katika hesabu, na tungependa lisomwe hivyo kikaoni.

Kama Halmashauri itakubali, tutaanza Jumatatu ya kwanza baada ya tarehe 8 Novemba, siku ambayo Kanisa huwakumbuka Mashahidi Wanne Waliovikwa Taji, wasimamizi wa wachonga mawe, ambao kwa mapokeo waliuawa wakati wa Diokletiano kwa kukataa kuchonga sanamu ya mungu Eskulapio. Tutaanza saa mbili asubuhi, mvua ikituruhusu, na hapa Tukuyu mnajua ruhusa hiyo hutolewa kwa uchache. Njoni na viatu vilivyofunika vidole. Tindo tunazo saba; nyundo nzuri ni mbili tu, na moja ina mpini ulioanza kulegea.