WATU WA RONDO NA HESABU YA SERIKALI

Ndugu wanachama, huenda wako miongoni mwenu watakaouliza: Rondo yatuhusu nini sisi watu wa visiwani? Twajibu kwamba yatuhusu khasa, kwani kalamu iliyowahesabu wao ndiyo iliyotuhesabu sisi.

Rondo ni uwanda wa juu ulio magharibi ya mji wa Lindi, unaolitazama bonde la Lukuledi. Msitu wake ulikatwa mivule mingi zama za Mwingereza. Wenyeji wake wengi ni Wamwera, ambao kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama (karani wa sensa yeye humtafuta mkuu wa kaya tu), na mkoani humo wako pia Wamakonde, Wamakua na Wayao. Lakini katika daftari la Serikali uwanda huo umegawanywa kwa kata, Mnara huku na Chiponda kule.

Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Lindi na watu 864,652. Ile ya 2022 ikakuta 1,194,028. Miaka kumi kabla ya 2012 mkoa uliongezeka kwa asilimia 0.9 tu kwa mwaka. Mara hii imepita 3. Je, ni uzazi mtupu huo? Twajua kwamba tangu 2006 wafugaji walioondolewa Usangu na Ihefu walielekezwa Lindi. Basi mkoa waweza kunenepa, na kijiji kimoja juu ya Rondo kikabakiwa na wazee na wajukuu, na ile jumla isitwambie kitu. Tena, baina ya sensa hizo mbili Halmashauri ya Wilaya ya Lindi ilivunjwa, ikasimama ya Mtama. Atakaye kulinganisha hana budi kushona nguo iliyokwisha pasuliwa.

Hatusemi watu waulizwe kabila. La, hasha! Swali hilo liliachwa baada ya sensa ya 1967, na sisi twajua lilivyotenda hapa Unguja zama za ukoloni, watu wakibadili jina sensa hata sensa, kwa kuwa kila jina lilikuwa na faida au hasara yake.

Tutakalo ni hili: hesabu itolewe kijiji kwa kijiji, waliohamia na waliohama, ibandikwe ukutani, wenyewe waisome na kuikosoa kabla zahanati na walimu havijagawiwa. Na sisi tuliotajwa mwaka 2022 kuwa watu 1,889,773 twataka hayo hayo kwa kila shehia ya Unguja na Pemba.