Golf ya tabo: nafuu Dar, ghali Dzaleka

Tangu Mei 2023, serikali ya Malawi ilipoanza kuwarudisha wakimbizi kambini Dzaleka na maduka yao mengi ya mjini yakafungwa, biashara ya Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wa huko imebaki na umbo moja: duka liko kambini, mzigo uko Lilongwe. Kati ya hapo na hapo ni takriban kilomita 45. Atakaye mchele, sabuni au vitenge lazima apate usafiri, na mwenye gari lake huwahi bei kabla ya mwenye kusubiri basi dogo. Ndiyo maana wapo wanaoungana wawili au watatu, wakachanga, wakaagiza gari dogo kupitia Dar es Salaam.

Hapo ndipo wengi hukutana na Volkswagen Golf yenye injini ya 1.4 TSI, ya miaka ya 2008 hadi 2012. Ukiitazama kwenye simu, imewekwa karibu na Vitz au Demio kwa bei, lakini ndani ni gari la mtu mzima: viti imara, milango mizito, na ukikanyaga mafuta inaondoka. Ushuru nao unavutia, kwa sababu injini ya cc 1,390 huhesabiwa kama injini ndogo. Dereva akishapita Kasumulu na kuingia Songwe, akaiacha Karonga na kuupanda mlima wa Chiweta na mzigo bila kuhema, anafika Lilongwe akiisifu.

Swali ambalo mnunuzi hujisahau kuuliza ni hili: kwa nini Mjapani anaiuza kwa bei hiyo? Japani gari hukaguliwa na serikali kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo una gharama. Mwenye gari akiona matengenezo makubwa yanakaribia, huona heri aliuze mnadani. Toyota ndogo hupata wanunuzi wengi, gari la Ulaya hupata wachache. Kwa hiyo bei nafuu ya Golf ina sababu yake, na sababu hiyo husafiri na gari hadi kwako.

Tabo ni kifaa kinachosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini ili injini ndogo ifanye kazi ya kubwa. Huzunguka kwa kasi kubwa mno kwa joto kali, na kinachoilinda hasa ni oili. Baadhi ya injini hizi za 1.4 zina vifaa viwili vya kusukuma hewa, kimoja kikiendeshwa na mkanda na kingine na moshi. Hizo zinajulikana kwa mambo mawili: cheni ya taimingi inayorefuka, na pistoni zinazopasuka injini ikigonga kwa sababu ya petroli hafifu. Cheni ikiruka meno, valvu hugongana na pistoni, na hapo hutengenezi tena, unatafuta injini nyingine.

Kisha kuna giaboksi, na binafsi ndiyo ninayoiogopa zaidi. Ile ya gia saba, yenye klachi mbili kavu, ilimlazimu mtengenezaji mwaka 2013 kuita magari milioni 1.6 duniani ili kubadilisha oili yake, kwa sababu ile ya awali ilihusishwa na hitilafu za umeme ndani ya giaboksi. Klachi hizi hazipendi mwendo wa kusogea na kusimama, na huo ndio mwendo wa mjini jioni. Gari hutetemeka likitoka gia ya kwanza kwenda ya pili, baadaye linakataa gia ya nyuma, na siku moja linasimama katikati ya barabara.

Watu hudhani adui ni ulaji wa mafuta. Tupige hesabu. Kwenda na kurudi ni kilomita 90. Golf ikila lita 7 kwa kilomita 100, utatumia lita 6.3, Vitz ikila lita 6, utatumia lita 5.4. Kwa kwacha 3,499 kwa lita, iliyokuwa bei ya Oktoba 2025, tofauti ilikuwa kama kwacha 3,150 kwa safari. Inauma, hasa kwa anayekumbuka bei ya 2,530 ya Novemba 2023, lakini haimfilisi mtu.

Kinachofilisi ni aina ya mafuta. Kule Japani gari hili liliagizwa litiwe petroli ya daraja la juu. Malawi petroli huchanganywa na ethano ya miwa, jambo lililoanza tangu 1982, nalo peke yake si baya. Ubaya huja vituo vikikauka. Mtu aliyepanga foleni tangu usiku akakosa hununua dumu la mlanguzi, na hajui ndani kuna maji, uchafu au mafuta ya taa. Vitz ya zamani itakohoa na kuendelea. Golf hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya shinikizo kubwa. Uchafu unaiua pampu, na petroli hafifu inaigongesha injini.

Halafu dola. Kwacha ilishushwa thamani kwa asilimia 44 Novemba 2023, na mwaka 2025 kwa bei ya benki dola ilikaa kwenye kwacha 1,734 hivi, ilhali mtaani ilizidi mara mbili ya hapo. Spea ya Vitz utaipata Lilongwe, hata ya mtumba, na ukibishana bei inashuka. Ya Golf huagizwa Johannesburg au Gerezani, Kariakoo, na anayeagiza hakuuzii kwa dola ya benki. Tuseme kifaa cha giaboksi ni dola 500. Benki ni kwacha 867,000. Mtaani ni zaidi ya 1,734,000, kabla ya nauli na ushuru. Wakati huo gari limelala gereji, mtaji umelala nalo, na wabia waliochanga wameanza kuangaliana vibaya.

Sisemi asiinunue mtu yeyote. Fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari anaweza kuishi nayo vizuri, akitumia oili ya sintetiki inayotakiwa na kuibadilisha kila kilomita 7,500 badala ya 15,000, na akiiacha injini ingurume dakika moja mbili baada ya mlima kabla ya kuizima. Iliyo na gia za mkono pia inaondoa nusu ya hofu.

Ukiwa Dar kwenye yadi, fika asubuhi na mwambie dalali asiliwashe kabla yako. Injini ikiwa baridi, sikiliza sekunde chache za mwanzo: mlio kama wa minyororo ndani ya sufuria ni cheni. Chomoa kijiti cha oili; ikiwa imeshuka sana, gari linakunywa oili. Tazama moshi wa bluu. Endesha polepole, simama, ondoka, rudi nyuma, mara kumi ikibidi, hata kama dalali ananuna. Na ukiulizia bei, ulizia na bei ya giaboksi iliyotumika, Dar na Lilongwe, siku hiyohiyo, uzijumlishe. Jumla hiyo ndiyo ya kulinganisha na Vitz iliyoegeshwa pembeni.