Dawa Isiachwe kwa Siri

Yapo mambo ambayo husemwa barazani kwa sauti kubwa, na yapo ambayo husemwa chumbani tu, tena kwa kunong'ona. Maradhi ya akili yamo katika fungu hili la pili. Mtu akiugua kisukari, jirani huja kumtazama na kumletea uji. Akiugua akili, jirani huyo huyo hupita mbali. Hata jina la Kidongo Chekundu, mahali ilipo hospitali yetu ya maradhi ya akili hapa Unguja, limegeuzwa neno la dhihaka, ilhali wanaotibiwa humo ni ndugu zetu, wake zetu na waume zetu. Kwa hiyo twaona inafaa leo kulizungumza hadharani jambo moja linalozikabili nyumba nyingi za Visiwa hivi: afanye nini mke au mume ambaye mwenzake, aliyekuwa akitumia dawa za hospitali za maradhi ya akili, sasa anasema anataka kuziacha na kushika dawa za miti shamba?

Kwa kawaida mambo huenda hivi. Mume aliugua, akatibiwa, akapata nafuu, akarudi kazini. Miezi ikapita. Siku moja anamwambia mkewe kwamba dawa zinammaliza, na kwamba amesikia habari za mganga ambaye mizizi yake haina madhara. Mke anaingiwa na khofu, kwa kuwa anaukumbuka usiku ule aliokimbia nje na watoto. Lakini pia anaiona mikono ya mumewe inayotetemeka, na anaujua usingizi unaomwangusha mchana kutwa. Ajibu nini?

Kwanza tuseme wazi kwamba mgonjwa anayesema hivyo si mjinga wala mkaidi. Dawa hizi zina taabu zake, na taabu hizo ni za kweli. Haloperidoli huweza kuukakamaza mwili na kuitetemesha mikono. Klopromazini huleta usingizi mzito na kuifanya ngozi iungue upesi juani. Nyingine hunenepesha, na nyingi hupunguza nguvu za unyumba. Kwa mtu anayekaa afisini huenda hayo yakavumilika. Lakini mvuvi ambaye mikono yake haitulii hawezi kutia chambo, na mchuma karafuu mwenye kizunguzungu hathubutu kupanda mkarafuu. Mtu huyu hupima dawa kwa riziki yake na kwa ndoa yake. Anayemjibu kwa kumkaripia amelikwepa swali lake.

Hata hivyo, hapana budi kuujua uzito wa upande wa pili wa mizani. Mwaka 2012 ulichapishwa uchunguzi uliokusanya majaribio 65 ya wagonjwa wa skizofrenia. Katika muda wa karibu mwaka mmoja, walioendelea na dawa waliorudiwa na maradhi walikuwa 27 katika kila 100. Walioachishwa walikuwa 64. Kwa upande wa sonona, yaani maradhi ya huzuni nzito, uchunguzi wa Uingereza wa mwaka 2021 uliwahusu watu waliotumia dawa kwa muda mrefu na kujihisi wako tayari kuziacha. Katika mwaka mmoja, 56 katika kila 100 ya walioacha walirudiwa, dhidi ya 39 ya walioendelea. Hesabu hizi zatufunza mambo mawili. Kuacha dawa ni hatari kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Lakini pia wapo wanaoacha na wakabaki salama. Basi lisisemwe neno la milele kwa kila mgonjwa. Liulizwe swali la mgonjwa huyu, maradhi haya, na dawa hii.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui, nalo ndilo linalowadanganya, ni namna maradhi yanavyorudi. Mtu akiacha dawa hii leo, mara nyingi haugui kesho. Dawa nyingine, hasa za sindano ya kila mwezi, hubaki mwilini kwa wiki nyingi. Katika muda huo usingizi wa mchana hupungua, mikono hutulia, uso huchangamka. Ikiwa amekwisha kuanza kunywa mizizi, sifa zote huiendea mizizi. Baada ya miezi miwili au mitatu maradhi yakirudi, hakuna tena anayekumbuka vidonge vilivyoachwa. Husemwa ni hasidi, au ni shetani ameamshwa. Hivyo dawa iliyoachwa haitajwi kwa lolote, na mgonjwa hurudi nyuma kuliko alipokuwa.

Zipo pia dawa ambazo hazingoji miezi. Diazepamu iliyotumiwa kwa muda mrefu, na fenobarbitoni anayopewa mgonjwa wa kifafa, zikikatwa ghafla huweza kuleta degedege la kuua. Lithiamu ikikatwa kwa siku moja huweza kuyarudisha maradhi kwa kishindo. Dawa za namna hii, kama ni za kupunguzwa, hupunguzwa kidogo kidogo chini ya macho ya daktari, kwa wiki na pengine kwa miezi.

Je, twasema haya kwa kuidharau tiba ya wazee wetu? La, hasha. Historia yenyewe haituruhusu. Mmea wa Rauvolfia serpentina ulitumika Bara Hindi kutuliza wenye wazimu muda mrefu kabla ya hospitali za kisasa. Mwaka 1952 wanakemia wa Uswisi walitoa ndani yake dawa ya reserpini, ikaenea duniani ikitumiwa na madaktari. Lakini historia hiyo hiyo ina sura ya pili. Madaktari waliripoti kwamba baadhi ya waliotumia reserpini waliingia katika huzuni nzito, na dawa nyingine zikachukua nafasi yake. Mti ulikuwa na nguvu ya kutibu, na kwa nguvu hiyo hiyo ulikuwa na madhara.

Hili ndilo la kuzingatiwa. Neno "asili" si hati ya usalama. Muhogo mchungu ni wa asili, na samaki bunju ni wa asili, na kila mtu wa pwani anajua vifanyavyo. Upo mmea wa Ulaya, Hypericum perforatum, unaouzwa huko kama dawa ya asili ya huzuni. Mmea huo hupunguza nguvu za dawa za Ukimwi na za vidonge vya kuzuia mimba, na ukichanganywa na baadhi ya dawa za sonona huweza kumtia mtu hatarini. Mizizi isiyo na nguvu haitatibu. Yenye nguvu yapasa kuheshimiwa, na daktari ajue kwamba inanywewa.

Sasa turudi kwa yule mke. Twaona ziko njia mbili ambazo watu wengi huzishika, na zote mbili ni mbovu. Ya kwanza ni kuwa askari: kuhesabu vidonge, kutisha, kumwambia mtu mzima afungue kinywa aonekane kama amemeza. Ya pili ni kuwa bubu: kunyamaza kwa kuogopa ugomvi, na kumwachia Mungu jambo ambalo Mungu amempa mtu akili ya kulishughulikia. Askari humfunza mgonjwa kuficha, na bubu humwacha afiche. Mwisho wa njia zote mbili ni mmoja, nao ni siri. Na siri ndiyo tunayoiogopa kuliko mizizi yoyote. Mgonjwa aliyeacha dawa kwa siri hana wa kumwona akianza kuteleza. Na daktari asiyejua huongeza dozi ya dawa ambayo hainywewi.

Wako tena wanaotia vidonge ndani ya chai au mchuzi wa mgonjwa bila ya yeye kujua. Twaelewa khofu inayowafikisha hapo, lakini hatuwaungi mkono. Siku mgonjwa atakapogundua, na kwa kawaida hugundua, hataiamini dawa wala mkono uliompikia. Na kama maradhi yake ni ya kudhani kwamba watu wanamtilia sumu, huwa amepewa ushahidi.

Njia ya tatu ni ngumu zaidi, lakini ndiyo tunayoipendekeza. Mke amuulize mumewe, kwa upole na wakati wa utulivu, ni kitu gani hasa katika dawa kinachomchosha, kisha waende pamoja hospitali wakakiseme. Mara nyingi dozi hupunguzika, au saa ya kumeza hubadilishwa iwe usiku, au hupatikana dawa nyingine. Kama mume anashikilia kwenda kwa mganga, asiende peke yake, na isiwe kwa sharti la kutupa vidonge. Dua, kisomo na kombe havigombani na kidonge; mtu aweza kusomewa jioni na kumeza dawa yake usiku. Kisha, angali mzima, wapatane wenyewe kwa wenyewe: ni dalili zipi zitakazoonesha kwamba maradhi yanarudi, kama vile kukosa usingizi siku tatu mfululizo au kusema peke yake, na zikitokea, nani aitwe, na waende wapi. Mapatano hayo yakitoka kinywani mwa mgonjwa mwenyewe, siku ya shida hatayaona kuwa ni amri ya mtu mwingine.

Lakini haitakuwa haki kumtwika mke mzigo huu wote na kuwaacha wakubwa wa kazi wakisoma gazeti. Mgonjwa anayeambiwa asikose dawa hata siku moja, kisha akafika dirishani akaambiwa hazipo, huwa tumemfundisha sisi wenyewe kuacha ghafla. Basi jambo la kwanza ni dawa za akili zihesabiwe kuwa dawa za lazima, zifike vituo vya shamba kama zifikavyo mjini, mgonjwa wa Micheweni au wa Makunduchi asilazimike kuchagua baina ya nauli na chakula. La pili ni madaktari na wauguzi wajifunze kuuliza, "Unatumia dawa gani nyingine?" kwa sauti isiyo ya hakimu. Mgonjwa aliyekaripiwa mara moja hatasema kweli mara ya pili.

La tatu ni waganga. Azimio la Alma Ata la mwaka 1978 liliwataja waganga wa jadi kuwa miongoni mwa wanaoweza kutumika katika afya ya msingi. Kabla ya hapo, mwaka 1954, daktari Adeoye Lambo alianzisha huko Aro, karibu na Abeokuta nchini Nigeria, utaratibu wa kuwatibu wagonjwa wa akili huku wakiishi vijijini. Kila mgonjwa alitakiwa aje na jamaa yake, na waganga wa kienyeji walishirikishwa pamoja na madaktari. Lambo alitambua kwamba mgonjwa hatibiwi peke yake. Nasi hapa tunalo Baraza la kusimamia tiba asili. Waganga wanaosajiliwa na wafunzwe mambo mawili tu: wasimwambie mgonjwa aache dawa ya hospitali, na wamrudishe hospitali kila waonapo hatari. Mganga mwema hatapungukiwa na heshima kwa hayo.

Hatudai kwamba nyumba itakayofuata maneno haya haitaonja tena usiku mgumu. Maradhi haya ni mazito, na wako wanaoyafanya yote yapasayo na bado yakarudi. Lakini ipo tofauti kubwa baina ya maradhi yanayorudi mbele ya watu walio tayari na yale yanayorudi nyuma ya mlango uliofungwa. Mke na mume waliooana hawakuahidiana afya. Waliahidiana kukaa pamoja. Basi wakae pamoja hata mbele ya meza ya daktari, na hata ukumbini kwa mganga, na kila mmoja ajue mwenzake anakunywa nini.