Fulana ya Queen Haihitaji Cheti

Juzi pale Shangani, Zanzibar, hatua chache kutoka jumba la makumbusho la Freddie Mercury, nilimsikia kijana mmoja akimwambia binti aliyevaa fulana ya Queen: "Kama humjui mpiga besi wao wa kwanza, ivue." Binti akacheka, akidhani anataniwa. Wapi! Kijana alikunja mikono akangoja jibu kama ofisa uhamiaji aliyeshika pasi ya mtu. Binti akasema John Deacon. Loo, furaha aliyoipata yule kijana! Akawageukia wenzake barazani: "Mnaona? Ni Mike Grose!"

Ni kweli, ni Mike Grose. Alikuwa na bendi mwaka 1970 kwa muda mfupi, akaenda zake. Wakaja Barry Mitchell na Doug Bogie, nao wakapita, ndipo Deacon akaingia mwaka 1971. Albamu ya kwanza ilitoka mwaka 1973 na besi ni ya Deacon. Kwa hiyo binti huyu, ambaye besi anayoisikia na kuipenda ni ya Deacon, alitakiwa avue nguo hadharani kwa kutomjua mtu asiyesikika katika albamu hata moja ya Queen. Na aliyemhukumu ndiye anayejiita shabiki.

Imani hii imeenea mno: kwamba mapenzi ya muziki hupimwa kwa maswali, na asiyejua majibu ni mwigaji. Ni upuuzi mtupu. Maswali yenyewe ni ya aina moja tu, yenye jibu la neno moja. Paka wa Freddie aliitwa nani? Delilah. Brian May anapigia gitaa kitu gani? Sarafu ya peni sita. Gitaa lenyewe lilitoka wapi? Alilitengeneza na baba yake, shingo ya gitaa ni mbao ya meko ya zamani. Bohemian Rhapsody ilikaa wiki ngapi kileleni Uingereza ilipotoka mwaka 1975? Tisa. Haya, nimefaulu. Sasa nipewe nini? Majibu yote haya unaweza kuyakariri asubuhi moja bila kusikiliza wimbo hata mmoja, na nina hakika wako waliofanya hivyo.

Tumchukue huyohuyo Deacon. Mwulizaji atakuuliza nani alitunga Another One Bites the Dust, utajibu, atatikisa kichwa, basi. Hatakuuliza unasikia nini. Mimi nasikia besi imeachiwa uwanja mzima, na bendi iliyozoea kurundika sauti juu ya sauti na gitaa juu ya gitaa imekaa pembeni inampisha mtu wake mkimya kuliko wote. Nasikia jirani yake, Good Times ya Chic ya mwaka 1979, muziki wa Wamarekani weusi wa kuchezea, si wa kukunjia uso. Ndiyo maana mwaka 1980 wimbo ule wa Deacon ulishika nafasi ya kwanza Marekani. Binti anayetikisa bega besi ile inapoanza amekwisha kuelewa jambo ambalo mwulizaji, na orodha yake ya wapiga besi walioacha kazi, bado hajalifikia.

Najua watakachosema. Watasema bila maswali watajaa mashabiki bandia. Watajaa wapi? Bohemian Rhapsody ina dakika tano na sekunde 55, nawe ukiisikiliza hunipunguzii mimi hata sekunde moja. Hii si sukari ya mgao, jamani. Fulana yake binti aliinunua mtumbani kwa pesa yake. Akiipenda kwa sababu ya rangi tu, hilo nalo linawauma nini?

Tena mtihani huu hauwafikii wote. Sijawahi kumwona mzee mwenye kitambi akisimamishwa njiani aeleze fulana yake. Siku zote anayesimamishwa ni dada. Hao wanaume wanajua vizuri wanachokitafuta, na si muziki.

Linalochekesha zaidi ni kwamba wengi wa wakaguzi hawa silabasi yao ni ile filamu ya Bohemian Rhapsody ya mwaka 2018, ambayo ilimpa Rami Malek Oscar. Filamu nzuri, nimeitazama. Lakini humo We Will Rock You inatungwa Freddie akiwa tayari na masharubu ya miaka ya 80, ilhali wimbo ni wa mwaka 1977. Humo anajua ana UKIMWI kabla hajapanda jukwaa la tamasha la Live Aid, na mambo hayakwenda hivyo. Na hiyo Live Aid yenyewe, tarehe 13 Julai 1985, watu wapatao 72,000 walikuwa Wembley. Wengi walikwenda kumwona David Bowie, U2, The Who, Elton John, yeyote. Radio Ga Ga ilipoanza wakainua mikono wakapiga makofi pamoja uwanja mzima. Hakuna aliyeulizwa mlangoni jina la mpiga besi wa kwanza.

Sisi wa Zanzibar tungetulia kuliko wote. Farrokh Bulsara, ndiye Freddie, alizaliwa hapa tarehe 5 Septemba 1946, akapelekwa shule Panchgani, India, akarudi, na mwaka 1964 baada ya Mapinduzi familia yake ikakimbilia Uingereza. Mwaka 2006 palipopangwa sherehe ya kumkumbuka kwa kutimiza miaka 60 ya kuzaliwa kwake, kelele zilipigwa mpaka ikafutwa. Leo mji uleule uliomkana unawatahini wageni juu yake!

Kama maswali ni lazima, nina moja, na kwenye mashindano yao sijawahi kulisikia. Oktoba 1984 Queen walipiga Sun City, Bophuthatswana, "nchi" iliyochongwa na makaburu ili kuwapokonya watu weusi uraia wao. Umoja wa Mataifa ulikwisha kuwataka wasanii wasiende. Walikwenda. Kwa nini? Chama cha wanamuziki cha Uingereza kikawatoza faini, na jina lao likaingia katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya waliovunja mgomo. Wakati huohuo vijana wa ANC waliomkimbia kaburu walikuwa Mazimbu, Morogoro, wakisoma katika chuo kilichopewa jina la Solomon Mahlangu, aliyenyongwa Pretoria mwaka 1979. Tanzania, ambayo Zanzibar alikozaliwa mwimbaji ni sehemu yake, iliwapa ardhi. Mwimbaji akaenda kuwaimbia waliojifungia kwenye kasino ya kaburu.

Nampenda Freddie, na jambo hili linanikera mpaka leo. Halina jibu la neno moja. Mwenye hamu ya kuwatahini watu juu ya Queen alijibu yeye kwanza, na mpaka atakapolijibu, awaache mabinti wapite na fulana zao.